Rosa Mistika na Utashi Uliofungwa

Riwaya ya Rosa Mistika ilichapwa Nairobi mwaka 1971, mwandishi wake, Euphrase Kezilahabi, akiwa kijana wa miaka 27. Haukupita muda mrefu ikazuiwa kutumika mashuleni, kwa kuwa ilisimulia waziwazi mambo ya mwili na utoaji mimba ambayo watu wazima wa wakati ule walipenda yasemwe kwa mafumbo, au yasisemwe kabisa. Baadaye ilirudishwa, na vijana wengi waliomo leo katika vyuo vyetu vya theolojia waliisoma wakiwa sekondari kama kitabu cha mtihani. Wanaijua, basi, lakini wanaijua kama mtu anavyolijua swali la mtihani, yaani pamoja na jibu lake. Ukiwauliza riwaya hii inasema nini, watakujibu kwa neno moja: malezi. Zakaria alimlea vibaya Rosa, Rosa akaharibika, akajiua. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba jibu hilo, ingawa si la uongo, halitoshi. Tena kwamba mhubiri anayeridhika nalo, sawa na yule anayelikataa kabisa, atafika penye kaburi la Rosa akiwa hana neno la kusema. Swali lililo chini ya riwaya ni la zamani kuliko riwaya yenyewe. Je, mwanadamu aliyefinyangwa na nyumba aliyozaliwa, na damu aliyorithi, na mtaa uliomzunguka, anaweza kuitwa mtenda dhambi? Na kama anaweza, je, anaweza pia kuambiwa aache?

Tulipata nafasi ya kuisoma upya riwaya hii pamoja na wanafunzi waliokuwa katika mazoezi ya uchungaji huko Maili Moja, Kibaha, wakikutana jioni na vijana na akina mama wa usharika. Mahali penyewe panafaa kwa swali kama hili. Maili Moja ipo kando ya Barabara ya Morogoro, yapata kilomita 40 kutoka Dar es Salaam, na kwa miaka mingi mabasi ya kwenda bara yalisimama hapo, na pamoja nayo yote yaendayo na vituo vya mabasi: mahindi ya kuchoma, vibanda vya pombe, nyumba za wageni, na vijana wanaosubiri jambo ambalo wao wenyewe hawalijui. Hali kadhalika, mwendo mfupi tu kutoka hapo lipo Shirika la Elimu Kibaha, ambalo lilianza mwaka 1963 kama mradi wa Tanganyika na nchi nne za kaskazini ya Ulaya, yaani Denmark, Ufini, Norwei na Uswidi, likakabidhiwa kwa serikali ya Tanzania mwaka 1970. Shule, hospitali na mafunzo ya wakulima viliwekwa katika eneo moja, kwa imani kwamba ukipiga vita ujinga, maradhi na umaskini kwa pamoja, mtu mwenyewe atabadilika. Twaweza kusema kwamba Kibaha ni hoja iliyojengwa kwa matofali: badilisha mazingira, nawe utambadilisha mwanadamu. Hatuidharau hoja hiyo. Wengi miongoni mwetu tulitibiwa au kufundishwa na matunda yake. Bali yeyote atembeaye kwa miguu kutoka kwenye shule ile mpaka barabarani, anaona kwamba hoja haikumalizika.

Wasomaji wetu waligawanyika mara moja. Wanaume, hasa wanafunzi wa theolojia, walisema kwamba Rosa alichagua. Alikuwa na akili, alisoma hata akawa mwalimu, na hakuna aliyemshika mkono kumpeleka kwa wanaume. Wanawake wengi walisema kwamba aliyemwua Rosa ni baba yake. Katika mabishano hayo, bibi mmoja wa Kizaramo, Mkristo wa tangu utotoni huko upande wa Kisarawe, alisema sentensi moja ambayo imetusaidia kuliko maelezo mengi ya wahakiki: “Baba Mchungaji, huyo binti alifungiwa tu, hakufundwa.”

Neno hili linahitaji kufafanuliwa kwa wale wasioijua Pwani. Miongoni mwa Wazaramo msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani akawa mwali. Mtafiti wa Kifini Marja-Liisa Swantz, aliyeishi kati ya Wazaramo wa Bunju miaka ya 1960 na kutoa kitabu chake juu ya miiko na ishara zao mwaka 1970, ameyaeleza mambo haya kwa heshima ambayo wamisionari wa kwanza wa Kisarawe na Maneromango hawakuwa nayo siku zote. Mwali alikaa ndani muda mrefu, pengine miezi, zamani hata miaka. Lakini hakukaa peke yake. Alikuwa na kungwi wa kumfunda. Alipewa mwana hiti, kile kinyago kidogo cha mti alichokitunza kama mtoto. Alifundishwa mwili wake ni nini, mume ni nini, watu wazima huongeaje na nini hakisemwi mbele ya nani. Kisha siku ilifika akatolewa nje mchana kweupe kwa ngoma, na jamii nzima ikamtazama ikisema: huyu sasa ni mtu mzima. Hatusemi kwamba kila jambo lililofundwa humo lapatana na Injili. Twasema kwamba kule kufungiwa kulikuwa na mlango wa kutokea, na mtu wa kumshika mkono aliyefungiwa.

Sasa tumtazame Zakaria. Huyu ni mwalimu wa zamani aliyepoteza kazi yake na kuigeukia pombe, mume anayemwacha mkewe Regina abebe nyumba, baba ambaye ukali ndio mabaki pekee ya ualimu wake. Barua ya kijana Charles inapomfikia binti yake, Zakaria hamwulizi Rosa neno, anampiga. Tangu hapo msichana anajua jambo moja tu juu ya wanaume, nalo ni kwamba kukaribiana nao huleta kipigo. Hilo si fundisho, ni hofu. Anapopelekwa shule ya sekondari mjini Mwanza, ambako fimbo ya baba haifiki, hofu inayeyuka na hakuna kilichobaki mahali pake. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu ukamfunza Rosa kwa haraka: Mwanza kwanza, kisha Morogoro katika chuo cha ualimu, ambako hata wakubwa waliopaswa kumlinda walikuwa miongoni mwa waliomtumia. Zakaria alifungia bila kufunda. Nasi tungeongeza, kwa masikitiko, kwamba ndivyo sharika nyingi zilivyofanya pia. Tuliwaondolea mabinti wa Kizaramo kungwi, tukawapa kipaimara. Lakini katika masomo ya kipaimara ni wachungaji wangapi waliowahi kuitamka amri ya sita kwa namna ambayo msichana wa miaka kumi na minne angejua inahusu nini?

Hapa wahakiki wa malezi wana haki kabisa, na Kezilahabi ana haki kabla yao. Tatizo linaanza pale tunapoivuta kamba hii mbele kidogo. Kama Zakaria ndiye sababu ya Rosa, ni nani sababu ya Zakaria? Naye alikuwa mtoto wa mtu. Naye aliharibiwa na kitu fulani: aibu ya kufukuzwa kazi, pombe, pengine baba mwenye fimbo. Tukimwachilia Rosa kwa sababu ya Zakaria, haki inatudai tumwachilie Zakaria kwa sababu ya babu, na babu kwa sababu ya mkoloni, na mkoloni kwa sababu ya mwingine tena, mpaka tufike bustanini, ambako mwanamume wa kwanza alipoulizwa alimsonta mwanamke, na mwanamke akamsonta nyoka (Mwanzo 3). Tangu siku ile mnyororo wa lawama haujawahi kukosa kiungo kimoja cha nyuma. Wana wa Israeli uhamishoni waliufanya kuwa mithali juu ya baba waliokula zabibu mbichi na meno ya wana kutiwa ganzi, na nabii Ezekieli akaambiwa aikomeshe mithali hiyo (Ezekieli 18). Ikumbukwe kwamba hakuikomesha kwa kudai kwamba baba hawakula zabibu. Walikula.

Tena riwaya yenyewe haiungi mkono maelezo mepesi. Rosa ana wadogo zake. Nyumba ni moja, baba ni mmoja, fimbo ni moja. Hata hivyo hawakufikia wote mwisho mmoja. Kama mazingira yangekuwa ukalibu wa matofali, matofali yangefanana.

Wapo watakaosema: basi kilichobaki ni damu. Mwana wa nyoka ni nyoka. Kezilahabi mwenyewe aligusa jambo hili katika riwaya yake ya pili, Kichwamaji, ya mwaka 1974, ambamo watoto wanazaliwa na vichwa vikubwa kupita kawaida, na maovu ya wazazi yanasomeka katika mwili wa mtoto asiyejua mema wala mabaya. Kazimoto, shujaa wa kitabu hicho, naye anaishia kujiua. Wanafunzi wa Yesu wangeuliza swali lao lilelile la Yohana 9: ni nani aliyetenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake?

Siku hizi swali hili limehama kutoka katika mithali likaingia maabara, na mchungaji anayewahudumia wasomi hawezi kujifanya hajasikia. Mwaka 2002 Avshalom Caspi na wenzake walitangaza matokeo ya utafiti wao juu ya watu wa mji wa Dunedin, New Zealand, waliofuatiliwa tangu kuzaliwa kwao mwanzoni mwa miaka ya 1970. Walichunguza jeni moja inayohusika na uvunjaji wa kemikali fulani za ubongo. Waligundua kwamba wavulana walioteswa utotoni, na ambao jeni hiyo ndani yao ilifanya kazi kwa udhaifu, walikuwa wepesi zaidi wa kuwa wagomvi na wahalifu ukubwani. Lakini waliokuwa na jeni ileile na hawakuteswa, hawakuwa hivyo. Mahakama ya rufani ya Trieste, Italia, haikungoja wataalamu wamalize kubishana. Mwaka 2009 ilimpunguzia mwuaji mmoja mwaka mzima wa kifungo, kwa sababu moja miongoni mwa nyingine, ya jeni zake. Hapa kwetu, mwaka 2015 Marina Butovskaya wa Moscow na wenzake walichapisha utafiti juu ya wanaume wa Kihadza na wa Kidatoga. Katika makabila yote mawili ukali ulihusiana kwa kiasi na jeni inayopokea homoni ya kiume. Hata hivyo Wadatoga, wafugaji ambao kijana wao hutazamiwa awe mpiganaji, walikuwa wakali kuwapita Wahadza, ambao mila yao ni kuondoka penye ugomvi. (Msomaji asichukue neno hili akawabandike chapa ndugu zetu wa upande wa Mbulu. Takwimu huzungumza juu ya makundi. Mchungaji hubatiza mtu mmojammoja.)

Tunajifunza nini kwa yote haya? Kwamba mwili na mazingira havishindani, kana kwamba kimoja kikisema kweli kingine kinadanganya. Jeni bila fimbo hukaa kimya. Fimbo bila jeni hiyo huacha kovu la namna nyingine. Maji hufuata mkondo, lakini mkondo nao ulichimbwa na maji. Hakuna hata mmoja wa wanasayansi hawa aliyeonyesha mtu anayetenda bila kutaka. Walionyesha mtu ambaye kutaka kwake kumeelekezwa kabla hajajua kwamba anataka.

Na hapa ndipo tunaposhangaa kuwaona wachungaji wa Kilutheri wakiogopa. Utadhani imani yetu ilisimama juu ya msingi kwamba kila mtu ana utashi huru, na sasa sayansi imekuja kuung'oa! La hasha. Mnamo Septemba 1524 Erasmus wa Rotterdam alitoa kitabu chake cha kutetea utashi huru, na mwezi Desemba 1525 Martin Luther akamjibu kwa De servo arbitrio, yaani Juu ya Utashi Uliofungwa, kitabu ambacho yeye mwenyewe alikihesabu miongoni mwa vichache alivyotaka vibaki baada yake. Erasmus alikuwa mtu mwema, na hoja yake ilikuwa ya mtu mwema: kama mwanadamu hawezi, kwa nini Mungu anamwamuru? Luther alijibu kwamba amri haipimi uwezo wetu, bali inatuonyesha kutoweza kwetu. Lakini, na hili ndilo linalosahauliwa darasani, alitofautisha kufungwa na kulazimishwa. Mwenye dhambi hatendi dhambi kama mtu aliyekamatwa shingoni akaburutwa asikotaka. Anatenda kwa kupenda. Kufungwa kwake ndiko huko kupenda, ambako hawezi kukugeuza kwa nguvu zake. Miaka mitano baadaye Ungamo la Augsburg, katika kifungu cha 18, liliweka mpaka kwa busara: katika mambo ya haki ya kiraia, yale yaliyo chini ya akili, mwanadamu anao uhuru wa kiasi; ila kumcha Mungu na kumwamini kwa moyo, hilo hawezi pasipo Roho Mtakatifu.

Tukiwa na maneno haya mkononi, sasa tunaweza kumsoma Rosa bila kumdanganya. Wanafunzi wetu waliosema kwamba Rosa alichagua walisema kweli: hakuburutwa. Akina mama waliosema kwamba ameuawa na baba yake nao walisema kweli: kutaka kwake kulipindwa akiwa bado mtoto, naye hakuwa na namna ya kukunyosha. Anayefuata elimu ya Erasmus atalazimika kuchagua upande mmoja. Mlutheri hana sharti hilo.

Tunaliona hili wazi zaidi katika sehemu ya riwaya ambayo wahakiki wa mashuleni huipita haraka, yaani pale Rosa anapobadilika. Baada ya mateso ya Morogoro anageuka. Anafanya kazi ya ualimu, anaishi kwa utulivu, watu wanamheshimu. Huu ndio uhuru wa kiasi wa kifungu cha 18, na Kezilahabi ni mwaminifu kwa kuukubali. Hakumfanya mhusika wake kuwa jiwe linaloporomoka mlimani. Mtu aliyeharibiwa na malezi aliweza kuamka asubuhi akaenda kufundisha watoto, akakataa yale aliyoyazoea. Mazoea yana taabu, naye akaishinda taabu hiyo kwa muda. Lakini badiliko lake linasimama juu ya siri. Lina uzima kadiri ile tu ambayo ya nyuma hayajulikani. Charles anaporudi kutaka kumwoa, kisha akayajua maisha yake ya nyuma, anamwacha. Na Rosa, ambaye alistahimili fimbo, wanaume na hatari ya kutoa mimba, hastahimili hilo. Anajiua.

Charles anastahili kuangaliwa kuliko alivyoangaliwa. Msomaji humchukia Zakaria kwa kuwa ni mlevi, na humwonea Charles huruma kidogo kwa kuwa ni kijana mstaarabu aliyevunjwa moyo. Kwa maoni yetu hawa wawili ni mtu mmoja. Zakaria anaulinda mwili wa Rosa kama mali ghalani. Charles anafungua ghala na kukagua mali. Kati yao hakuna aliyewahi kumwuliza Rosa: wewe unataka nini? Utashi wake unapigwa, unapimwa, unanunuliwa, haupati hata siku moja wa kusema nao. Ndiyo sababu jina la kitabu linauma. Rosa Mistika, Waridi la Fumbo, ni mojawapo ya majina ya Bikira Maria katika litania ya Loreto, ambayo mwandishi, aliyesoma seminari ya Nyegezi, bila shaka aliijua kwa moyo. Jina la usafi usio na doa anavikwa msichana ambaye kila mtu anautaka usafi wake na hakuna anayemtaka yeye.

Lakini tunayo pia lawama dhidi ya Kezilahabi, nayo si ndogo. Swali la nani alaumiwe, baba au binti, analifuata kwa ujasiri mpaka ng'ambo ya kaburi. Hata hivyo analiacha likiwa swali la lawama tu. Katika kitabu kizima hakuna mtu anayemwambia Rosa, kwa mamlaka yasiyo yake mwenyewe, kwamba amesamehewa. Kuna huruma ya mama, kuna majuto, kuna sala za mtu peke yake chumbani. Hakuna neno linalotoka nje na kuingia sikioni. Kwa hiyo ulimwengu wa riwaya una sheria mbili tu, sheria ya baba na sheria ya mazingira, na Rosa anasagwa katikati. Atakayesema kwamba mwandishi hakuwajibika kuandika mahubiri, tunakubaliana naye. Hata hivyo mwandishi aliyemweka msichana chini ya jina kutoka katika litania amelifungua mlango mwenyewe, na msomaji ana haki ya kuuliza kwa nini ndani hamna mtu. Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze, aliweza kuwarudishia ubinadamu ndugu wawili waliogeuzwa manyani kwa husuda yao, kwa kuwa katika hadithi yake msamaha una nguvu ya kutenda kazi. Sisi hatutaki Kezilahabi awe Shaaban Robert. Ulimwengu wake ni mgumu zaidi, na ni wa kweli zaidi. Tunasema tu kwamba ugumu huo umeacha nje jambo moja ambalo nalo ni la kweli.

Baada ya kumlaumu mwandishi, haki yatutaka tujitazame. Katika mikutano ya injili ya Maili Moja, na kwingineko, vijana wanaotumia heroini huitwa mbele na kuambiwa: amua leo! Wengine huamua, kwa machozi, mbele ya mkutano mzima. Juma linalofuata wanaonekana palepale walipokuwa, na mhubiri anatamka kwamba hawakumaanisha. Huyu ni Erasmus aliyevaa joho la Kilutheri, tena bila ustaarabu wa Erasmus. Tangu Februari 2011, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilipoanza kutoa methadoni kwa waraibu, tumejua hapa nchini kile ambacho madaktari walikijua kwingine kabla yetu: kwamba mwili uliokwisha kuzoeshwa huidai dawa hata pale mwenye mwili anapoichukia, na kwamba kikombe cha kila siku, saa ileile, mbele ya mwuguzi yuleyule, humpa mtu nafasi ya kupumua ambayo ahadi elfu moja hazikumpa. Mama mmoja alituuliza kama mwanawe anayekunywa methadoni aweza kushiriki Meza ya Bwana, au angoje mpaka aokoke kabisa. Tulimjibu kwamba aje. Kikombe kimoja hakishindani na kingine. Na Meza ile haikuandaliwa kwa ajili ya watu ambao utashi wao umepona.

Hali ni hiyohiyo katika desturi yetu ya kuwarudisha watu kundini. Binti aliyepata mimba husimama mbele ya usharika, akasomewa maneno, akapokewa. Desturi hiyo ina shina zuri. Toba ya wazi ilikusudiwa kuikata minyororo ya uvumi. Lakini Zakaria wake ameketi wapi Jumapili hiyo? Mara nyingi ameketi kiti cha wazee wa kanisa. Tunamtaka binti aseme “ni mimi,” na hakika ni yeye. Neno hilo ndilo peke yake linaloweza kuusimamisha mnyororo wa lawama, kwa kuwa halina kiungo cha nyuma. Ila neno hilo likidaiwa kwa mmoja na wengine wakaachwa, tumegeuza ungamo kuwa fimbo nyingine. Katika usharika mmoja tulishuhudia mzee mmoja akisimama bila kuitwa, siku ya binti yake, akasema kwamba na yeye anarudi kundini, kwa kuwa yeye ndiye aliyemfukuza nyumbani usiku. Kitabu cha ibada hakikuwa na maneno ya jambo kama hilo. Mchungaji alitumia maneno yaleyale, akiyaweka katika wingi.

Linabaki kaburi. Sharika zetu nyingi zimezoea kumzika aliyejiua bila kengele, bila wimbo, wakati mwingine bila mchungaji, kwa hoja kwamba amekufa katika dhambi asiyoweza kuitubu. Sheria ya nchi nayo iliusaidia mtazamo huo: kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Nchini Kenya, kifungu kama hicho kilitamkwa na Mahakama Kuu mnamo Januari 9, 2025 kuwa kinapingana na Katiba. Kanisa lisingepaswa kungoja majaji. Luther, katika mazungumzo yake mezani, alikataa kusema kwamba wanaojiua wamepotea kwa hakika. Aliwafananisha na msafiri aliyevamiwa na mnyang'anyi msituni. Hawafanyi kwa kupenda, alisema, wameshindwa nguvu. Aliongeza tahadhari kwamba neno hili lisitangazwe ovyo kwa watu, wasije wakalegea, na tahadhari hiyo twaiheshimu pia, hasa mbele ya vijana. Lakini yafaa tuone alichokifanya. Mwandishi wa De servo arbitrio, aliyesisitiza kwamba mwenye dhambi hutenda kwa kupenda, aliona mahali hapa palipo na kulazimishwa kwa kweli, akapatenga. Hakutumia kanuni yake kumfunga marehemu.

Mwanafunzi mmoja, miongoni mwa wale waliosema jioni ya kwanza kwamba Rosa alichagua, alipewa zoezi la kuandika mahubiri ya mazishi yake. Alituletea karatasi yenye somo la Warumi 7, kuanzia mstari wa 15, na chini yake aya tatu. Aya ya kwanza ilimtaja Rosa kwa jina lake la ubatizo. Ya pili ilimwambia Zakaria, aliyekuwa hai katika mawazo ya mwanafunzi huyo na ameketi mstari wa mbele akinuka pombe, kwamba neno hili la Paulo ni lake pia. Ya tatu alikuwa ameifuta mara mbili, na penye wino uliofutwa ilisomeka bado kwamba ilimhusu Charles.